Walipoambiwa Wamguse Yustina Waende

Kuna mama mmoja kule Kibondo alipimwa macho kwa sababu alikuwa na mimba. Ninyi vijana mnaoanza uuguzi msicheke kwanza, sikilizeni ilivyokuwa. Mama yule aliingia kwa daktari mgeni asiyejua Kiswahili, akaeleza shida yake kama mwanamke yeyote mwenye haya anavyoieleza: "Siku zangu sizioni." Mhudumu aliyekuwa akitafsiri akaligeuza neno kwa neno, kwamba mama haoni siku zake. Daktari akawasha tochi, akamchungulia jicho hili na lile, akamwandikia aende kwa mtu wa macho. Mama wa watu akaenda, akaonyeshwa herufi ukutani, akazisoma zote bila kukosea. Baadaye alirudi tumbo limetangulia mlangoni, akaniuliza kwa upole kama na hilo linahitaji miwani.

Mimi ni Zaituni, mzaliwa wa Kondoa. Nilipangiwa Kigoma nikiwa bado msichana, nikapelekwa juu milimani, Kibondo kwanza na Kasulu baadaye, na huko ndiko nilikozeekea kazini. Wenzangu wengi waliotoka mikoa mingine walikaa wakingoja uhamisho. Mimi niliolewa, nikapanda migomba, nikauzoea ugali wa muhogo, nikasahau kuomba uhamisho. Nimestaafu na mgongo mbovu na masikio mazima. Mkiniuliza kipi kilikuwa chombo changu cha kazi, sitataja mkasi wala dripu. Yalikuwa masikio.

Aliyenifundisha kuyatumia ni Matroni Anjelina, mwanamke mfupi aliyetembea kwa kasi kiasi kwamba ukifuatana naye wodini ilibidi ukimbie kwa adabu. Alinikanya nisimuulize mgonjwa kama ameelewa. Mgonjwa ana haraka, anakuheshimu, anataka kwenda zake. Atakwambia ameelewa hata kama ulikuwa unamsomea bei ya maharage. Mwambie akusimulie ulichomwambia, hapo ndipo utajua. Nikajaribu kwa baba mmoja aliyekuwa na mtoto wa kikohozi. Nilikuwa nimemweleza ampe dawa mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Nikamwomba anirudishie. Akasema, bila kusita, kwamba atampa jioni. Kwa nini jioni tu? Kwa sababu kwao chakula kilikuwa jioni tu. Hakuwa amekosea lolote. Nilikuwa nimempa maneno yaliyotoshea nyumba nyingine.

Sasa muelewe na mahali penyewe. Kwa watu wengi wa kule Kiswahili ni lugha ya pili, nyumbani ni Kiha. Ukienda kambini kwa wakimbizi unakuta Kiswahili cha Kongo kilichochanganywa na Kifaransa, na watu wa kutoka Burundi wakizungumza Kirundi ambacho Muha anakielewa na mimi wa Kondoa nilikidokoa polepole. Halafu anakuja daktari mgeni na Kiingereza chake. Neno moja la daktari lilipita Kiingereza, likaingia Kiswahili, likatokea Kiha, na kila lilipobadilisha gari liliacha mzigo kidogo stendi. Siku nyingi mzigo ulioachwa haukuwa na maana. Siku ya Yustina ulikuwa ndio wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2013. Wilaya ya Buhigwe ndiyo kwanza ilikuwa imemegwa kutoka Kasulu, na watu wa Munanila walikuwa bado wanaletwa kwetu kama walivyozoea. Hospitali sitaitaja, haina kosa. Tulikuwa na daktari mgeni wa Uskoti, tukimwita Dokta Fiona, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, fundi wa upasuaji kwelikweli. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Alijua "pole," alijua "vuta pumzi," na alijua nyanya za kuiva na za kesho.

Mtafsiri wake mkuu alikuwa afisa tabibu Ezekieli, Muha wa hapohapo. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote, Kiha alinyonya nacho, na alitafsiri haraka kama mtu anayemimina maji. Daktari hajafunga mdomo, yeye ameshamaliza. Tulimsifu kwa hilo, na yeye aliipenda sifa ile, nani asiyeipenda? Lakini sifa ya haraka ina ubaya wake: humfanya mtu aone aibu kusimama akauliza.

Yustina aliletwa asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwenye kituo cha afya cha kwao, mtoto akalia vizuri, kisha mama akaanza kuvuja damu na damu haikukata. Alikuja na mumewe, Filberti, kijana mkulima mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Walikuwapo ndugu wawili wa Filberti, na mama yao, Mama Generoza, aliyembeba kichanga kifuani ndani ya kanga mbili. Familia yao ilitoka Burundi zamani. Mama Generoza alivuka mpaka akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Filberti na ndugu zake hawa wawili walizaliwa baadaye, huku, wakasoma huku, ni Watanzania kama mimi. Tukawakalisha kwenye benchi la ukumbini, tukampeleka Yustina chumba cha upasuaji.

Dokta Fiona alifanya kazi pale ambayo sitaisahau. Mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea, haukaziki, na kila alipodhani ameushika ulilegea tena. Hatimaye damu ikapungua, lakini msichana alikuwa amekwisha kuwa mweupe midomoni. Chupa ya mwisho ya damu tuliyokuwa nayo kwenye friji ilikuwa inaingia mkononi mwake. Tukamhamishia chumba kidogo cha pembeni, na mimi nikaenda maabara kumwita mtu wa kuwapima ndugu, tupate wa kutoa nyingine. Ndivyo tulivyofanya siku zote: ndugu wako benchini, unawaita, wanapimwa, wanatoa.

Wakati niko maabara, Dokta Fiona alitoka kuwaona. Alitaka kuwaambia hali ilivyo, kisha awaombe damu. Akasimama mbele ya benchi, Ezekieli ubavuni, akasema, "I'm afraid it's touch and go." Kabla hajaongeza neno, muuguzi akamwita kutoka chumba cha upasuaji kwamba presha ya mgonjwa mwingine inashuka. Akageuka, akaingia, akijua atarudi.

Ezekieli akabaki na nyuso nne zinazomtazama. Akawaambia kwa Kiha, na baadaye alinirudia kwa Kiswahili: "Daktari anaogopa. Anasema mguseni, mwende."

Maneno yote yalikuwa sahihi, mtu angeyakuta kwenye kamusi. "Touch" ni gusa. "Go" ni nenda. "I'm afraid" ni naogopa. Ila Mwingereza akisema "I'm afraid" kwa namna ile hana woga wowote, anasema pole, habari si nzuri. Na "touch and go" si amri. Hamwambii mtu aguse kitu wala aende popote. Anasema hali ni tete, mtu yuko kati ya kufa na kupona, na hakuna anayejua ataangukia upande gani.

Sasa fikirini ninyi ndio mmekaa kwenye lile benchi. Daktari mkubwa ametoka, uso umekunjamana. Mnaambiwa anaogopa. Mnaambiwa mkamguse, mwende. Mngeelewa nini? Walielewa kile ambacho ningekielewa mimi: hapa hakuna wa kupona, waage, wakaandae maziko. Waliinuka. Ezekieli akawafungulia mlango wa kile chumba kidogo, wakaingia mmoja mmoja. Shemeji zake wakamgusa mkono. Mama Generoza akamshika mguu, kichanga kikiwa kifuani pake. Filberti akamgusa shavu. Wakatoka, wakapita getini, wakaenda, na mtoto wakaenda naye. Ezekieli aliona jambo lile ni geni kidogo, lakini akadhani ni huruma ya daktari, awape nafasi ya kuaga. Wagonjwa wa nje walikuwa wamejaa, akaitwa huko.

Nilirudi na mtu wa maabara, tukakuta benchi tupu na chupa ya chai waliyoisahau. Nikamfuata Ezekieli.

"Ndugu wa Yustina wako wapi?"

"Wameondoka."

"Nani kawaambia waondoke?"

"Daktari," akasema. "Kasema touch and go."

Sikuwa najua maana ya maneno yale zaidi yake. Nilichojua ni kwamba hakuna daktari anayemaliza damu kwenye friji halafu akawaruhusu wenye damu waende nyumbani. Nikaingia ndani, nikamuuliza Dokta Fiona kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kama amewapa ruhusa. Alinitazama bila kuelewa. Ezekieli alikuwa nyuma yangu, akamweleza alichowaambia. Rangi ikampanda mzungu yule mpaka masikioni. Akamweleza maana kwa maneno machache, kisha akanigeukia mimi, akatumia Kiswahili chake chote kwa mara moja: "Hapana kwenda. Damu. Leta wao."

Mlinzi wa geti alikuwa amewaona. Mama na mwanawe mmoja walielekea stendi kutafuta gari la Munanila. Filberti na ndugu yake mwingine walikata kuelekea kwa mafundi seremala, upande wa pili wa soko. Tuligawana bila kujadiliana. Ezekieli alikimbia stendi na koti lake jeupe. Mimi nilipanda bodaboda, sare na yote, nikamwambia kijana asiogope matope.

Kwa mafundi sikuhitaji kuuliza. Nilimwona Filberti amesimama wima mbele ya kibanda cha fundi mmoja aitwaye Rajabu, mzee wa kofia, aliyekuwa ameshika futi kamba. Filberti alikuwa ameweka kiganja chake chini kidogo ya sikio, akionyesha. Nikamsikia akisema, "Alikuwa ananifika hapa."

Nimesikia vilio vingi maishani mwangu, wanangu, lakini lile "alikuwa" lilinichoma kuliko vyote.

"Filberti," nikamwita. "Yustina yu hai."

Hakushusha kiganja. Aliniangalia kama mtu anayetaniwa msibani.

"Sista, usinifanyie hivyo," akasema. "Daktari mwenyewe katuambia tumguse, twende."

"Hakusema hivyo. Alisema hali ni mbaya, anaweza kufa, anaweza kupona, bado hajui. Neno limepotea njiani. Sasa anatafuta damu, na sisi imetuishia. Iliyobaki iko mwilini mwenu."

Ndugu yake ndiye aliyejibu. Akauliza, "Na tukirudi tukamkuta amekufa?"

Hapo mtu angetaka kuwapa maneno matamu. Msiwape. Watu wameshadanganywa na neno moja, ukiwaongezea la pili utawapoteza kabisa. Nikamwambia, "Basi mtakuwa mmemkuta. Lakini mkibaki hapa, fundi ataendelea kupima."

Filberti akashusha mkono. Fundi Rajabu naye akaikunja futi kamba yake polepole, akasema hajakata ubao wowote. Kisha akaniuliza kama damu ya mtu asiye ndugu inaweza kumwingia mgonjwa. Nikamjibu kwamba damu haiulizi ukoo, inauliza kundi. Akafunga kibanda, akaja nasi.

Ya stendi sikuyaona, alinisimulia Ezekieli, na dereva wa gari lile aliyathibitisha kwa miaka, maana kila aliponiona alianza kucheka. Gari lilikuwa limeshawashwa, Mama Generoza yuko kiti cha dirishani na kichanga, kanga imefunika kichwa. Ezekieli akasimama mbele ya boneti, dereva akipiga honi, abiria wakinung'unika. Akaenda dirishani akamwambia kwa Kiha kwamba alikosea neno, daktari hakuwaambia waondoke, Yustina bado anapumua.

Mama Generoza akamtazama vizuri, kisha akamuuliza, "Ulikosea neno, au ulikosea mtu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Hospitali ina wagonjwa wengi. Labda kijana huyu anawatafuta ndugu wa Yustina mwingine. Ezekieli akamtajia jina la mkwewe, jina la mume, rangi ya gauni alilokuja nalo. Mama akainuka kitini. Alimpa mtoto Ezekieli kupitia dirishani, ili ashuke vizuri. Ezekieli alisema mtoto yule mikononi mwake alikuwa mzito kuliko gunia, maana ndipo alipojua amewatuma wapi watu wale.

Tulikutana maabara. Wakapimwa. Damu ya Filberti haikulingana na ya mkewe, na alipoambiwa alikaa chini ukutani kama mtu aliyenyang'anywa jembe siku ya kulima. Ya ndugu yake mmoja ikalingana. Ya Fundi Rajabu ikalingana. Mama Generoza alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni, akaambiwa umri wake umepita. Akatwambia, "Mlinifukuza, nimerudi, sasa mnanikataa." Mtu wa maabara akainamia darubini yake, nadhani alikuwa anaficha uso.

Damu iliingia. Mchana ulikuwa mrefu. Presha ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena. Dokta Fiona hakukaa. Kila nilipoinua kichwa nilimwona ameweka kiganja juu ya tumbo la Yustina, akisikilizia kama unavyosikilizia embe kama limeiva. Baadaye mfuko wa uzazi ukakaza, ukabaki umekaza. Midomo ikaanza kupata rangi. Daktari akatoka nje, akakaa sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, miguu mirefu ikiziba njia, na hakuna aliyemwambia apishe.

Tulipopata chai ndipo alipotueleza neno lake. Alisema hata yeye hana hakika lilikotoka. Wengine husema ni la wanamaji, kwamba meli hugusa mwamba chini ikaendelea na safari. Wengine husema ni magurudumu ya magari ya farasi yaliyogusana yakapitana. Alilokuwa na hakika nalo ni matumizi yake. Linasemwa juu ya jambo, halisemwi kwa mtu kumwamuru. Hutanguliwa na "it is" au "it was." Na linabeba hatari ndani yake, huwezi kulitumia kwa jambo ambalo likiharibika hakuna kinachopotea.

Mimi nilitaka mfano wa kwetu. Nikamuuliza juu ya lori la mihogo linalopanda mlima wa kuelekea Manyovu siku ya mvua, tairi zinazunguka, utingo ameshika gogo nyuma, na watu wote wamenyamaza hawajui litapanda au litarudi kinyumenyume. Akapiga meza, akasema hiyo ndiyo "touch and go" yenyewe. Tukakubaliana kwamba kabla lori halijapanda, Mswahili husema hali ni tete. Likishapanda, husema wameponea chupuchupu. Mwingereza anatumia neno lilelile kabla na baada. Kwa hiyo mtafsiri lazima kwanza ajue lori liko wapi. Hilo nililijifunza siku ile, na ndilo ninalowaachia: msitafsiri neno kabla hamjajua linazungumzia wakati gani wa jambo.

Ezekieli hakunywa chai yake. Alimwambia daktari kwamba kuanzia kesho atafutwe mtafsiri mwingine. Dokta Fiona akakataa. Alisema yeye ndiye aliyewatupia watu maneno ya nyumbani kwao Uskoti akageuka akaenda, na kama kuna kosa walibebe pamoja. Mimi nikamwambia Ezekieli jambo la kawaida zaidi: nikimwacha yeye, nitampata nani mwenye Kiha kama chake? Aliyeteleza pale anapajua pale. Tukawekeana utaratibu. Daktari atasema sentensi fupi, bila urembo. Ezekieli ataruhusiwa kuuliza mbele za watu, na hakuna atakayemcheka. Na ndugu watarudisha walichosikia kabla mtu yeyote hajaondoka benchini. Hilo la mwisho lilikuwa la Matroni Anjelina, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao.

Utaratibu ulijaribiwa mapema kuliko tulivyodhani. Baada ya siku kadhaa, Dokta Fiona alimpima Yustina asubuhi, akafurahi, akasahau ahadi yake. Akamwambia Mama Generoza, "She's out of the woods."

Safari hii Ezekieli hakukimbilia kutafsiri. Nilimwona anavyoyapima yale maneno. Kisha akamgeukia daktari, akamuuliza mbele yetu sote, "Unamaanisha nini?" Daktari akajishika mdomo, akaanza upya: hatari imepita, lakini bado ni dhaifu. Ezekieli akalitafsiri hilo. Baada ya hapo, kwa kuwa alikuwa mwana wa watu na alipenda lugha, akamweleza Mama Generoza na maneno yenyewe, kwamba Waingereza wanasema mkwewe ametoka msituni.

Mama aliwaza kidogo. Akasema kwamba aliyewahi kupita msituni anajua kuwa kutoka msituni si kufika. Ukishatoka ndipo njaa inapouma na miguu inapovimba. Akauliza atampikia nini. Nawaambia, sijawahi kusikia maelezo bora ya mzazi aliyepoteza damu. Tukamwandalia maini na mchicha na vidonge vya madini ya chuma, na nikawa natumia maneno yale ya kutoka msituni si kufika kila nilipomruhusu mzazi, hadi nilipoacha kazi.

Siku hizi mna simu. Namwona mjukuu wangu anaandika sentensi ya Kiingereza, simu inamjibu kwa Kiswahili kabla hajapepesa jicho. Ni kitu kizuri, na ningekuwa nacho ningekitumia. Lakini simu ni kama Ezekieli wa asubuhi ile: ina haraka, na haioni nyuso. Iulizeni, kisha mmuulize mtu. Mkisikia daktari mgeni anasema jambo ambalo kwa Kiswahili linatoka la ajabu, la macho, la msitu, la kugusa, simameni. Ajabu ile ndiyo kengele. Hakuna daktari mwenye akili atakayemwambia ndugu wa mgonjwa jambo la kipuuzi. Ukilisikia la kipuuzi, jua maana imebaki upande wa pili, rudi ukaichukue. Usione haya. Mimi nimeuliza mbele ya mabosi na wageni wakubwa, na mshahara wangu haukupungua hata siku moja.

Na msiongee juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Hili nimelifundishwa na Yustina mwenyewe, siku alipokuwa amekaa kitandani ananyonyesha, nami nampima presha. Aliniambia kwamba siku ile alisikia. Macho yalikataa kufunguka, ulimi ulikataa, lakini alisikia mlango, akahisi mikono inakuja na kuondoka. Alitaka kusema nipo, hakuweza.

"Ulijua ni nani?" nikamuuliza.

"Wote niliwajua. Mama mkwe alinishika mguu." Akashusha sauti. "Taratibu sana, Sista. Tangu niolewe hajawahi kunishika hivyo. Nikasema basi, nimeshakufa."

"Na ulijuaje kwamba hujafa?"

Akamtazama mtoto, akatabasamu. Alisema baadaye, hajui ni muda gani, alimsikia mama mkwe yule yule amesimama juu ya kichwa chake, akiuliza huyu atalala mpaka lini na mtoto ana njaa. Aliifahamu sauti ile. Ndipo akajua amerudi kwao.

Mama Generoza alikuwa pembeni ya kitanda, anakunja kanga, na alikuwa amesikia kila neno. Hakutugeukia. Alimwambia Yustina apunguze maneno, uji unapoa.